Mkuki wa Ssaza na Bunduki ya Ikulu

Wajukuu wangu wanapenda sana hadithi za falme zisizokuwapo. Wananionyesha ramani zake zilizochorwa kwa ustadi, zenye milima, misitu na ngome, na kila pembe ya ramani ina jeshi lake na jemadari wake. Kuna jemadari wa kaskazini, wa kusini, wa mashariki na wa magharibi, kila mmoja na bendera yake, na wote wanamtii mfalme aliyekaa katikati. Mimi huwauliza swali moja tu. Huyu wa kaskazini, akiitwa na asije, mfalme atamfanya nini? Hapo hutazamana. Aghalabu jibu lao ni kwamba mfalme ana joka.

Katika falme zilizokuwapo kweli hapakuwa na joka. Mfalme alilazimika kulijibu swali lile kwa akili na kwa utawala: nani atakusanya watu, nani atawaongoza, nyara zitagawanywa na nani, na baada ya vita mikuki itarudi wapi. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, shuleni na baadaye kwa walimu wanafunzi chuoni, kabla ya kustaafu nikiwa mkuu wa shule, na kila mara nilipofika kwenye mada hii mfano wangu ulikuwa Buganda. Sikuuchukua kwa sababu ya mapenzi. Nimezaliwa Kiziba, kusini mwa mto Kagera, na kwetu jeshi la Buganda lilijulikana kabla ya kusomwa vitabuni.

Bibi mzaa baba alikuwa akisimulia, naye kasimuliwa na bibi yake, jinsi watu walivyolala nje ya nyumba zao waliposikia kwamba Waganda wamevuka. Kulipokucha walihesabu ng'ombe, kisha wakahesabu wasichana. Kwa mpangilio huo: ng'ombe kwanza. Nilipokuwa kijana nilidhani ni ukali wa moyo, lakini bibi alinieleza kwamba ng'ombe walionekana kwa macho mara moja, zizi liko tupu au halikuwa tupu, ilhali wasichana waliojificha migombani walichukua siku mbili tatu kurejea, na mpaka hapo hakuna aliyetaka kulitamka jina la yule ambaye bado hajaonekana. Kabaka Suna II mwenyewe alikufa mwaka 1856 kwa ndui aliyoipata katika safari ya vita ya Kiziba. Kwa hiyo msomaji asinitarajie nilisifu jeshi lile kama atakavyolisifu mtu wa Mengo. Hata hivyo mpangilio wake ulikuwa kazi ya akili kubwa, na asiyeuelewa hataelewa ulivyovunjika.

Buganda ya karne ya 19 iligawanyika katika masaza kumi. Neno ssaza tunaweza kulifasiri mkoa, ingawa mikoa yetu ya leo ni mikubwa zaidi. Yalikuwa Busiro, Kyaddondo, Busujju, Butambala, Gomba, Mawokota, Ssingo, Bulemeezi, Kyaggwe na Buddu. Kila ssaza lilikuwa na mkuu wake, na kila mkuu alikuwa na jina la cheo lililokuwa tofauti na jina la ssaza: wa Kyaggwe aliitwa Ssekiboobo, wa Ssingo Mukwenda, wa Bulemeezi Kangaawo, wa Buddu Pokino, wa Kyaddondo Kaggo, wa Busiro Mugema. Mtu akipewa cheo, jina lake la kuzaliwa lilimezwa. Mukwenda akiondolewa leo, kesho kuna Mukwenda mwingine, na raia wa Ssingo walifuata ngoma ya Mukwenda, yeyote aliyekuwa ndani ya jina hilo. Nathubutu kusema hapo ndipo palipokuwa msingi wa kwanza wa utii wa majeshi ya mikoa: askari alikizoea cheo kuliko mtu.

Baadhi ya vyeo hivyo vilikuwa vya kurithi. Mugema wa Busiro alitoka ukoo wa Nkima, yaani ukoo wa tumbili, na Kabaka hakuweza kumweka mtu wa ukoo mwingine. Lakini kadiri nchi ilivyopanuka, masaza mapya hayakuachiwa koo. Buddu, kwa mfano, ilitekwa kutoka Bunyoro wakati wa Kabaka Jjunju, mwishoni mwa karne ya 18, na tangu hapo Pokino aliwekwa na Kabaka na kuondolewa na Kabaka. Ukitazama ramani utaona kwamba masaza makubwa ya mpakani, yale yaliyotazamana na adui na kwa hiyo yenye mikuki mingi, ndiyo yaliyokuwa na wakuu wa kuteuliwa. Mkuu wa kurithi alikaa karibu na ikulu, panapoonekana. Huu si upangaji wa bahati.

Chini ya mkuu wa ssaza kulikuwa na wakuu wadogo wenye majina yaliyorudiwa karibu kila ssaza: Mumyuka, Ssaabaddu, Ssaabagabo, Ssaabawaali, Musaale, Mutuba. Ssaabagabo ndani yake limo neno engabo, yaani ngao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Majina hayo bado yapo. Mtu akienda Kampala leo atakuta manispaa inaitwa Makindye-Ssabagabo, na wengi wanaoshuka hapo kwenye daladala, au teksi kama wanavyoziita wenyewe, hawafikirii kwamba wametaja ngao.

Jambo ambalo walimu wanafunzi wangu walichelewa kulikubali ni kwamba hapakuwa na kambi. Walitafuta kambi kila mahali. Mwenye kuamua kesi ya mgomba uliokatwa, mwenye kukusanya vitambaa vya gome la mti na ng'ombe kwa ajili ya Kabaka, mwenye kusimamia ufagiaji wa barabara, ndiye huyo huyo aliyekuwa kamanda. Na askari ni yule mkulima, mkopi, aliyekuwa amekaa barazani jana akinywa pombe ya ndizi. Ngoma ya vita ikilia ikulu, ngoma ya ssaza iliipokea, na za wakuu wadogo zikaipokea ile, mpaka mtu wa mwisho mpakani akachukua mikuki yake na ngao ya mbao iliyofumwa kwa matete, akaenda kwa mkuu wake mdogo, na huyo akampeleka kwa mkuu wa ssaza. Hakuna aliyemlipa mshahara wala kumshonea sare.

Je, shamba lilibaki na nani? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wanaotoka nchi za nafaka wasikilize vizuri. Msukuma hawezi kuondoka wakati wa kulima. Mvua ikimkuta vitani, watoto wake watakula nini? Lakini mgomba hauna msimu wa namna hiyo. Ukishapandwa hukaa miaka na miaka, na katika Buganda, kama ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa kwetu, kulitunza shamba la migomba ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume angeweza kuondoka mwezi wowote, akakaa miezi mitatu, na chungu kikaendelea kuchemka. Wanahistoria hupenda kuanza na ngao na ngoma. Mimi nilianza na matoke, na nilikuwa nikiandika ubaoni kwamba jeshi la Buganda lilisimama juu ya mgongo wa mwanamke anayepalilia. Baadhi ya vijana walicheka. Wasichana darasani hawakucheka.

Kisha barabara. Wageni wote waliofika Buganda karne ile walizishangaa, kuanzia Speke mwaka 1862: pana, zilizonyooka, zikipanda mlima na kushuka bila kuuzunguka, zikivuka mabwawa juu ya magogo. Zilitoka ikulu kama miali na kila moja ilielekea makao ya mkuu wa ssaza. Mkuu huyo alikuwa na boma lake jingine mjini, upande ule ule ambako barabara ya ssaza lake iliingilia, na alitakiwa kukaa humo sehemu kubwa ya mwaka. Aliyekuwa hodari wa hesabu darasani alielewa mara moja. Barabara inayoleta jeshi la Ssingo kwa siku chache ndiyo itakayompeleka mtu wa Kabaka Ssingo kwa siku hizo hizo; na kamanda wa Ssingo, wakati mwingi, hayuko Ssingo. Yuko mjini, kwenye boma la matete, mbele ya macho ya bwana wake, na jeshi lake liko nyumbani likinywa pombe. Mkuki na mkono wa kuushika vimetenganishwa kwa mwendo wa siku kadhaa.

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Wakuu hawa wote kumi wakikutana vitani, nani anawaongoza? Katika hadithi za wajukuu wangu kuna jemadari mkuu wa kudumu, mzee mwenye kovu usoni. Buganda haikuwa naye. Kila safari ya vita Kabaka, akiwa barazani na wakuu wake, alimtaja mtu mmoja kuwa omugabe wa safari hiyo. Neno lenyewe linatokana na kugaba, ndugu wa kugawa kwetu. Yeye ndiye mgawaji. Angeweza kuwa mmoja wa wakuu wa masaza, na angeweza kuwa mtu wa chini yao. Akishatajwa na kuapa aliondoka mara moja. Alikabidhiwa amri, na njiani kila ssaza lilimkuta na watu wake. Kwa muda wa vita neno lake lilikuwa kama la Kabaka, na Mukwenda na Pokino walimsikiliza hata kama jana walimpita kwa cheo. Vita ikiisha, aliripoti ikulu, akakabidhi, akarudi kuwa alivyokuwa.

Tafakari, msomaji, jambo hilo lina maana gani. Yule anayeliongoza jeshi lote halimiliki hata sehemu ndogo yake, zaidi ya watu wake mwenyewe. Wale wanaolimiliki, kila mmoja kipande chake, hawaongozi lote. Mukwenda akitaka kuasi atakuwa na Ssingo peke yake, na masaza tisa yataletwa dhidi yake na omugabe aliyetajwa asubuhi ile. Omugabe akitaka kuasi, Mukwenda atageuza watu wake waende nyumbani, na wataondoka kwa furaha, kwa kuwa migomba iko kule. Nimesoma habari za falme nyingine zilizomweka jemadari mmoja juu ya jeshi zima kwa miaka kumi na tano, na mwisho wake aghalabu ni jemadari kukaa kitini.

Na nyara? Zilikusanywa mahali pamoja, zikahesabiwa, fungu la Kabaka likatolewa kwanza, kisha la Katikkiro aliyekuwa waziri wake mkuu, na wakubwa wengine, kisha omugabe akagawa kwa wakuu, na wakuu wakagawa kwa watu wao. Hapo ndipo mkulima yule alipopata mshahara wake: pengine mbuzi, pengine ng'ombe, pengine mwanamke. Sioni sababu ya kulifunika neno hilo kwa kitambaa. Jeshi lisilolipwa mshahara hulipwa na jirani. Vita iliyorudi mikono mitupu ilikuwa aibu kwa omugabe na hasara kwa wote, na ndiyo maana safari nyingi hazikuwa za kuteka nchi hata kidogo. Zilikuwa za kuchukua na kurudi. Kiziba haikufanywa ssaza. Ilivunwa tu.

Dini nayo ilikuwa na nafasi yake. Jeshi lilitoka na baraka za Kibuka, mungu wa vita, ambaye hekalu lake lilikuwa Mbale katika Mawokota, si ile Mbale ya mashariki ya Uganda. Masalia ya Kibuka yalichukuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kupelekwa Uingereza, kwenye jumba la makumbusho la Cambridge, na yakarudishwa Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Hapo nitapita upesi, kwa kuwa makuhani hawakuamrisha jeshi, walilipa moyo.

Ziwani kulikuwa na mpangilio mwingine. Mitumbwi ya Waganda ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa, na mkuu wake aliitwa Gabunga, wa ukoo wa Mamba, yaani kambare mamamba. Wapiga makasia wengi walikuwa watu wa visiwa vya Ssese. Wao walivusha vita za wengine, na sifa zikabaki bara. Mwaka 1875 Stanley alimkuta Kabaka Mutesa I na jeshi lake ufukoni, karibu na pale maji ya ziwa yanapotoka kuwa Naili, akipigana na watu wa Buvuma. Stanley alikadiria wapiganaji 150,000. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wamgawe Stanley kwa tatu au zaidi kila anapohesabu Waafrika, kwa kuwa mwandishi wa magazeti hulipwa kwa idadi ya watu anaowaona. Lakini hata ukimgawa, jeshi linabaki kubwa sana, na jeshi hilo kubwa lilisumbuliwa kwa wiki kadhaa na watu wa visiwa wenye mitumbwi, mikuki na ujuzi wa maji yao. Masaza kumi yalifanya kazi vizuri pale ambapo miguu inafika.

Kabaka hakuwaachia wakuu wa masaza hata ndani ya masaza yenyewe. Humo alichomeka maeneo yake, ebitongole, kila kimoja na mkuu wake aliyewekwa na ikulu na kuwajibika ikulu. Mkuu wa ssaza aliamka asubuhi akaona katikati ya nchi yake kuna kilima ambacho si chake, na mtu juu yake anayemtazama. Wana wa kifalme nao hawakupewa masaza. Katika nchi ambamo kila mwana wa Kabaka aliyepita angeweza kudai kiti, kumpa mmoja wao mikuki ya Kyaggwe kungekuwa kumwandalia maziko ya ndugu yake. Jjunju aliyeteka Buddu aliuawa katika uasi wa ndugu yake, Semakokiro, na waliofuata hawakuhitaji kufundishwa tena.

Mpangilio huu ulikuwa na mapengo yake na damu yake, lakini kwa karibu karne nzima, kutoka Semakokiro hadi Mutesa, hakuna mkuu wa ssaza aliyefaulu kumng'oa Kabaka. Wanne walikaa kitini wakafuatana. Sasa tazama kilichokuja.

Bunduki zilianza kuingia Buganda pamoja na wafanyabiashara wa pwani tangu wakati wa Suna, miaka ya 1840. Njia yao kubwa ilipita kwetu, Karagwe, ambako walikuwa na kituo chao Kafuro, na malipo yalikuwa pembe za ndovu na watumwa. Mutesa alizipenda. Kama angezigawa kwa masaza, kila mkuu fungu lake, pengine mizani ya zamani ingeendelea kwa silaha mpya. Lakini ni mfalme gani angempa Mukwenda bunduki mia? Alifanya jambo lililoonekana la busara zaidi: akaziweka karibu naye. Akaunda cheo kipya, Mujasi, kamanda wa askari wa bunduki wa Kabaka, watu waliokuwa askari hasa na si wakulima walioitwa kwa ngoma.

Mwanawe Mwanga, aliyetawala kuanzia mwaka 1884, akaenda mbali zaidi. Aliwaogopa wazee wa baba yake walioshika masaza, akaunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, akawapa ardhi katika masaza na uhuru wa kutomsikiliza mkuu yeyote ila yeye. Vijana hao walikuwa wale wale waliokwisha kusoma kwa wageni. Kimoja kilikuwa chini ya Honorat Nyonyintono, Mkatoliki. Kingine chini ya Apolo Kagwa, Mprotestanti. Na Waislamu walikuwa na chao. Na huyu Mwanga ndiye aliyekuwa amewachoma moto wenzao Namugongo, Juni 1886. Mwalimu mwanafunzi mmoja aliwahi kunyosha mkono akaniuliza: Mwalimu, mtu anawezaje kuwaua watu mwaka huu na mwaka unaofuata akawapa bunduki ndugu zao? Nilimjibu kwamba Mwanga alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi aliyewahofu watu wawili kwa wakati mmoja, wazee na wasomaji, akaamua kumtumia mmoja dhidi ya mwingine. Vikosi vile vilizunguka masazani vikipora kwa jina lake, wakuu wa zamani wakaja kulalamika ikulu, naye akawacheka.

Hapo ndipo ninapopingana na kitabu nilichofundishia mimi, na ambacho wengi walifundishia, kinachosema kwamba bunduki ziliwatia nguvu wafalme wa maziwa makuu. Zilimtia nguvu Kabaka dhidi ya Mukwenda. Hilo ni kweli. Lakini hebu tupange upya hesabu ya mikuki. Zamani nguvu ya vita ilikuwa imetawanyika katika vipande kumi, kila kimoja umbali wa siku kadhaa, chini ya wakuu ambao hawakuweza kukubaliana bila barabara zote kujua. Sasa nguvu yote imekaa ikulu, katika vikosi vitatu vinne, chini ya vijana wanaoonana kila jioni. Wakipatana siku moja tu, nani atawazuia? Mikuki ya Ssingo? Iko Ssingo.

Walipatana Septemba 1888. Mwanga aliwataka vijana wake wapande mitumbwi kwenda safari ya ziwani. Habari zikavuja kwamba nia ni kuwatupa kisiwani wafe njaa. Walikuwa wamekwisha kuchoshwa pia na kazi ya kuchimba ziwa lake la kifalme pale karibu na Mengo, ambalo bado lipo. Wakafika ufukoni, wakakataa kupanda. Wakristo na Waislamu, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya lolote, wakakubaliana juu ya hilo, wakarudi mjini na bunduki zao. Mwanga alitafuta wa kumpigania. Wakuu wa masaza, wale wazee aliowacheka, walikaa kimya. Hakuna ngoma ya ssaza iliyolia kumwokoa. Kiti alipewa kaka yake Kiwewa, ambaye kwa mila alikuwa hafai kabisa kwa kuwa alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na mtoto wa kwanza hakutawala Buganda. Walioshika bunduki hawakuwa na shida na mila hiyo.

Wala hawakuishia hapo. Nyonyintono akawa Katikkiro, Kagwa akawa Mukwenda, yaani vikosi vya ikulu vikayameza masaza. Oktoba ile ile Waislamu wakawafukuza Wakristo. Kiwewa akakataa kutahiriwa, akaondolewa, akawekwa Kalema. Oktoba 1889 Wakristo wakarudi na Mwanga. Katika miezi 13 kiti kilibadilika mara tatu, katika nchi ambayo haikuwa imemwondoa Kabaka kwa nguvu kwa karibu miaka tisini.

Nilipokuwa nikifundisha haya, sikuweza kujizuia kutaja Januari 1964. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo. Kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, iliasi usiku mmoja, na kwa siku kadhaa nchi nzima, yenye wakulima mamilioni, haikuwa na la kufanya juu ya askari wa kambi moja iliyo karibu na ikulu, mpaka Waingereza walipoitwa. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Sisemi kwamba waliolianzisha walisoma habari za omugabe. Nasema kwamba walikuwa wameulizwa lile swali ninalowauliza wajukuu wangu.

Mwanga alipong'olewa alikimbia kwa mtumbwi na watumishi wachache, akishuka kusini, ziwa zima, mpaka Magu, kwetu Tanzania. Huko wafanyabiashara wa pwani walimpokea na kumweka karibu kama mfungwa. Baadaye akahamia kwa mapadre wa Bukumbi, upande wa Mwanza. Mtu aliyekuwa ameitwa mwenye Buganda yote alikaa pale akingoja, na aliyemrudisha mwaka 1889 ni Charles Stokes, mfanyabiashara wa bunduki, kwa chombo chake. Masaza hayakumrudisha, wala Gabunga hakumfuata.

Baada ya hapo masaza hayakuwa tena vipande vya jeshi la Kabaka. Mwaka 1892, baada ya vita ya Mengo ambamo Lugard aliwasaidia Waprotestanti kwa bunduki zake, masaza yaligawanywa kwa dini: Buddu wakapewa Wakatoliki, Waislamu wakabaki na sehemu ndogo upande wa Butambala, na mengi yakabaki kwa Waprotestanti. Mkulima wa Kipagani aliyekuwa akimfuata Pokino kwa sababu ya ngoma sasa alimfuata kwa sababu ya kanisa, au alihama. Mwanga alijaribu kuasi mwaka 1897, akashindwa, akapelekwa Seychelles mwaka 1899, akafia huko mwaka 1903.

Mkataba wa Machi 1900 uliongeza masaza yakawa 20 na kuwapa wakuu wake mshahara wa pauni 200 kwa mwaka. Ssekiboobo, Mukwenda, Pokino, majina yote yakabaki, lakini kazi yao ikawa kuwakusanyia Waingereza kodi. Zilikuwa mbili: rupia 3 kwa kila kibanda, na rupia 3 kwa kila bunduki.